Mzito wa Pili wa Nakivale

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyoulizwa swali dogo sana Mbarara nikakosa jibu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mtu wa miraba minne, na kichwa kilikuwa kimevimba kuliko mwili. Nakusimulia kwa sababu jana nilikaa karibu na kibanda cha kuchaji simu, nikakusikia wewe na wenzako mkibishana ni nani mkubwa kati ya wale mabingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mmoja wenu alimsifu yule aliyestaafu bila kupigwa hata mara moja. Mwingine alimng'ang'ania yule aliyepigwa, akarudi, akawapiga waliompiga. Mlikuwa mnahesabu ushindi tu, nami nilijiona mwenyewe pale.

Wakati huo tulikuwa na miaka miwili tangu tufike kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Uvira, Kongo. Tulikuwa na klabu ya ngumi, uwanja wa udongo uliozungushiwa kamba, na mwalimu wetu alikuwa Papa Byamungu, fundi cherehani aliyepigana ujanani mwake huko Bukavu. Glovu zilikuwa jozi tatu, na mbili alizishona yeye mwenyewe. Siku ya pambano tulipimwa kwa mizani ya mahindi, ile ya kuning'iniza. Unashika ndoano kwa mikono miwili, unakunja miguu, na mwenye duka anasoma kilo huku watu wakikucheka.

Kwa chakula tulichokuwa tunakula, kambi nzima ilikuwa na wazito wawili tu. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Mrundi aliyeitwa Nestori, mkulima mpole, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kila raundi, hata ya mazoezi. Ilikuwa wazi kwamba tupigane sisi wawili. Lakini mimi nilimwona siku moja akilipiga gunia la mchanga, nikamwogopa, na tangu hapo nikawa namkwepa. Kila alipoomba pambano nilikuwa na sababu: leo bega, kesho malaria, kesho kutwa palizi shambani. Badala yake niliwapiga wepesi, watu niliowazidi kilo ishirini na zaidi. Nikashinda mara kumi na moja, nikaanza kutembea kambini najiita asiyepigika, na kila mahali nikisema Nestori ananiogopa. Aibu hiyo bado naisikia usoni hadi leo.

Papa Byamungu alinikemea mara moja tu. Tulikuwa tumekaa kwenye cherehani yake tukiwapima mabingwa wa dunia, kama mlivyofanya jana, nami nikajilinganisha na yule asiyewahi kupigwa. Akaweka mkasi chini.

"Ule mukubwa, batu banamukumbuka juu ya bale alipigana nabo," aliniambia. "Weye, batakukumbuka juu ya nani?"

Nilicheka. Nilidhani ni uzee tu unaosema, nikaenda zangu.

Haukupita muda, habari ikafika kwamba afande mmoja mstaafu wa mji wa Mbarara, aliyefundisha ngumi katika ukumbi wa mtaa wa Kamukuzi, anatafuta mzito mmoja. Angepewa mahali pa kulala, chakula, mazoezi ya kila siku na kibarua cha mchana. Mwanangu, kwangu hiyo haikuwa habari ya ngumi tu. Mama yangu alikuwa anapoteza macho. Kuna hospitali ya macho Ruharo, hapo hapo Mbarara, lakini kutoka kambini kwenda na kurudi kila mara tusingeweza. Nikikaa mjini, mama naye angekaa nami mpaka atibiwe. Niliondoka nikiwa na hakika kwamba nafasi ni yangu.

Afande alikuwa mzee mwembamba, mwenye sauti ya paredi. Kabla hajasema kitu nilimtangazia kwamba nimeshinda mara kumi na moja na sijapigwa.

"Mimi hapana uliza ngapi," alisema. "Mimi nauliza nani."

Nikataja wa kwanza. Akauliza kilo zake. Nikataja wa pili, ambaye alikuwa kinyozi, akauliza kilo zake pia. Kufika wa nne sikuendelea, maana wote walikuwa wepesi. Hapo ndipo maneno ya Papa Byamungu yaliponiingia, na yaliingia vibaya. Afande akauliza kama kambini hakuna mzito mwingine. Ningeweza kumwambia hakuna, na pengine angenichukua kwa kukosa mwingine. Sijui ni nini kilichonizuia, labda nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikasema yupo. Akaniagiza nimlete, tupigane mbele yake, na atakayeshinda ndiye abaki.

Nilirudi Nakivale nikaenda moja kwa moja shambani kwa Nestori. Nilimweleza yote, ya bega lisilouma na ya malaria ya uongo, na yale niliyokuwa nikimsema. Akaegemea jembe lake.

"Nilijua," alisema. "Miye nimekungoja miaka miwili. Twende."

Hakunidai hata kuombwa radhi, ingawa nilimwomba.

Mbele ya afande tulipigana raundi sita. Ya pili aliniangusha, nikaona taa za ukumbi zikizunguka, na nikagundua jambo ambalo ushindi wangu wote haukunifundisha: kwamba naweza kuinuka. Niliinuka. Ya nne nilimpata kwa ngumi ya mbavu mpaka akajikunja, naye akanitazama kwa furaha, kama mtu aliyekutana na nduguye sokoni. Mwisho alinishinda kwa pointi, tena kwa haki. Nilikaa pembeni nikifungua bandeji mikononi, nikiwaza nitamwambia nini mama.

Nestori alikuwa bado anahema. Akamwendea afande.

"Huyu akirudi kambini, miye nitafanya mazoezi na nani?" alimuuliza. "Hapa mjini mzito mwingine ni nani?"

Afande akakuna kidevu, akatazama kule ukumbini, vijana wote wembamba. Akasema tulale chumba kimoja, na chakula tutaona. Mchana tukawa tunapakua ndizi za matoke kwenye malori, jioni tunapigana. Tuliishi hivyo miaka minne. Mama alitibiwa Ruharo, na alipofunguliwa macho akanitazama, akasema nimekonda. Sijawahi kusikia neno tamu kuliko hilo.

Nestori alikuja kuwa bondia wa kutajwa. Alipigana na watu wakubwa kuliko mimi, wenye mikanda na picha zao ukutani. Lakini kila alipoulizwa ni nani aliyemtesa zaidi, alinitaja mimi, na watu wakaanza kuuliza mimi ni nani. Baadaye alipata safari ya kuhamia nchi ya mbali na familia yake, tukaagana.

Mwaka jana alifariki. Binti yake alinipigia simu ya video wakati wa matanga, ukumbi umejaa waombolezaji, na kila mmoja anasimama kusema alikuwa nani kwa marehemu: kaka, shemeji, jirani. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi ni mpinzani wake. Nikahofu wataniona mpumbavu. Yule binti akasema, "Baba alituagiza tukukalishe na ndugu zake." Na kweli, simu yake, yenye sura yangu, ilikuwa imewekwa kwenye kiti cha mstari wa mbele. Nililia, mwanangu, na sikujificha.

Basi mkibishana tena juu ya mabingwa, taja ushindi wao, sikukatazi, lakini taja na wale waliosimama mbele yao, maana bila hao hakuna bingwa. Na wewe usijichagulie wepesi, iwe katika ngumi, masomo au kazi. Mtafute anayekuzidi, na akikushinda mshukuru angali anasikia. Mimi Nestori nilimshukuru mara nyingi, lakini si mara za kutosha.

Mungu akulinde wewe na mikono yako. Akupe afya, akupe ujasiri wa kusema kweli unapoulizwa. Na akukutanishe mapema na mtu atakayekuangusha, akusubiri uinuke, kisha akuombee nafasi.