Filamu Iliyommeza Mama

Kazi yangu katika filamu ya mdogo wangu ilikuwa kumshika kuku. Mimi ni mwalimu, nimeshazeeka na chaki hapa Mbamba Bay, lakini likizo ile nilichuchumaa mchangani na tetea kifuani, nikisubiri kuambiwa, "Haya dada, mwache."

Hadithi aliitunga mwenyewe. Alikuwa amezama katika zile filamu za kutisha zinazowacheka watu wenye njaa ya kujulikana mtandaoni, akawa hana mazungumzo mengine. Katika yake, msichana wa ziwani anarusha maisha yake mubashara kila siku, na chochote anachokielekezea simu kinatoweka. Anaanza na kuku. Watazamaji wanafurahi, wanatuma mioyo, kisha wanaandika: "Mbuzi! Tunataka mbuzi!" Mbuzi anakwenda. Wanaandika: "Jirani!" Aliponisomea hayo nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

"Mwishoni wanamtaka mama," alisema.

Nilijua ameitoa wapi. Tulipomzika baba kule Maguu, kijijini kwetu milimani, mdogo wangu aliyarusha mazishi mubashara. Alisimama kando ya kaburi, mkono juu, akigeuza simu huku na huku, na wafuasi wake wakaongezeka siku ile kuliko siku zote. Baba zetu wadogo walitaka kumfukuza pale pale. Mama hakusema neno, siku ile wala baadaye. Alirudi kwenye shamba lake la kahawa. Ukimya ule ulimtoa mdogo wangu mtandaoni kuliko matusi yote ya ukoo.

Kwa hiyo alipopanda Maguu kumwomba mama aigize sehemu ya mama, mimi niliogopa. Mama aliuliza swali moja tu: "Nitavaa nini?"

Alishuka na kitenge chake cha kanisani.

Simu tuliifunga juu ya mwanzi uliosimikwa mchangani ili isitikisike. Unarekodi kuku akidonoa, unasimamisha, mimi namwondoa, unarekodi tena pale pale. Mdogo wangu akaviunga vile vipande viwili na kumwonyesha mama: kuku yupo, kuku hayupo. Mama akafanya ishara ya msalaba. Akautazama mchanga, akamtazama kuku mikononi mwangu.

"Rudia," akasema.

Tulirudia sijui mara ngapi. Nilikuwa najua siri yote, mimi ndiye niliyekuwa namnyanyua yule kuku, lakini nikajikuta nakodoa macho pamoja na mama kila anapotoweka.

Zamu yake ilifika asubuhi iliyofuata. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na milima ya upande wa Malawi ilionekana kama imesogezwa karibu. Mama alipewa sentensi moja: "Mwanangu, weka simu chini, uje ule." Akishaisema, anatoweka. Mdogo wangu alikaa nyuma ya simu, maana yule msichana haonekani, tunaona tu anachokiona.

Mama hakumwangalia mwanawe. Alisogea, akainama kidogo, akachungulia ndani ya kioo cha kamera kama mtu anayechungulia dirisha la jirani.

"Hamjambo humo?"

Akasubiri.

"Mimi ndiye mama yake huyu. Mbona hamniamkii?"

Akasubiri tena, muda mrefu, mikono ameikunja tumboni.

"Mlikuja kwenye mazishi ya mume wangu. Niliambiwa mlikuwa wengi. Sikumwona hata mmoja wenu aliyeshika jembe." "Haya. Kumbe humo hamna watu."

Ndipo akamgeukia mdogo wangu, kwa sauti ile ile ya nyumbani: "Mwanangu, weka simu chini, uje ule."

Machozi yalikuwa yakimtiririka mdogo wangu, lakini kurekodi hakuacha. Niliona hilo na likanikera. Baadaye alipiga magoti mbele ya mama akamwomba msamaha kwa yale ya Maguu, kisha, bado yuko magotini, akauliza, "Naweza kuyaacha hayo maneno kwenye filamu?"

"Si ndiyo maana umenileta?" mama akajibu.

Tuliionyesha Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia, madirisha tumeyaziba kwa vitenge na ukutani tumetundika shuka. Kuku alipotoweka, watu walicheka. Mbuzi alipotoweka, vijana wa nyuma walianza kupiga kelele wao wenyewe, kabla maandishi hayajatokea: "Jirani! Jirani!" Simu kadhaa zilikuwa juu, zinarekodi.

Kisha mama akaijaza shuka yote. "Mbona hamniamkii?"

"Shikamoo mama!" ukumbi mzima ukaitika, wazee kwa watoto, bila mtu kuwaongoza. Sijawahi kusikia salamu nzito namna ile. Mama, aliyeketi kando yangu, akaitikia taratibu, "Marahaba." Lakini yule wa kwenye shuka hakusikia. Aliendelea kusubiri, anatutazama, tena anatutazama.

"Haya. Kumbe humo hamna watu."

Alipotoweka ukabaki mchanga na maji yakija na kurudi, na watu walikaa kimya mpaka mtu mmoja akajiamulia kufungua dirisha.

Nje, mama alimshika mdogo wangu mkono. "Sasa mimi nimekwenda wapi?"

"Haijulikani, mama. Filamu inaishia hapo."

"Na utanirudisha lini?"

Tulicheka, kumbe mwenzetu hatanii. Mdogo wangu alimweleza kwamba mwisho wa filamu ya kutisha ndivyo ulivyo, akirudi itaharibika. Mama alisikiliza, akasema hapandi gari kwenda Maguu akiwa ametoweka.

Basi tukarudi ufukweni. Tulimrekodi anakuja toka majini na sufuria ya ugali kichwani, kuku anamfuata, mbuzi anamfuata, na jirani yetu nyuma kabisa akijifuta mchanga. Filamu tuliyoiweka mtandaoni inaishia kwenye mchanga mtupu. Ile ya mama tuliiweka kwenye simu yake. Majirani wa Maguu wameiona hiyo tu, na wanaisifu kwamba ni filamu ya kuchekesha sana.