Kokuhirwa na Mlinzi Aliyepigwa

Kokuhirwa wa Ihembe alijifunza Kijerumani jikoni. Miaka mingi alimpikia muuguzi wa misheni, Mjerumani mzee asiyevumilia kosa hata mtu akiomba chumvi tu. Kwetu mlinzi mzee ni mlinzi mzee, apige au apigwe. Kwa Wajerumani sivyo. Akipiga ni *der alte Wächter*; akipigwa anakuwa *den alten Wächter*. Kokuhirwa aliyakariri hayo akimenya ndizi, akakosea, akakaripiwa, mpaka ulimi ukanyooka. Muuguzi aliporudi kwao, usharika ukawa unamwita Kokuhirwa atafsiri kila wanapokuja wageni wa mradi wa maji.

Mwaka jana pampu ya mradi iliungua. Fundi kijana wa Kijerumani alidai Mzee Egbert, mlinzi wa pampu, alikuwa amelala, akampiga ngumi ya mdomo. Kokuhirwa alikuwa pale anateka maji, aliona kila kitu. Lakini bosi alipokuja kutoka Ujerumani kusikiliza shauri, fundi alisema yeye ndiye aliyepigwa.

Kokuhirwa akasimama. Katika sentensi alimtanguliza mzee, kwa kuwa ndiye aliyeng'oka jino.

"*Den alten Wächter hat der junge Techniker geschlagen.*"

Bosi akatabasamu. "Unataka kusema *der alte Wächter*," akamwambia taratibu, kama anayeongea na mtoto. "Hiyo *den* huwasumbua wageni wote."

"Sikukosea. Fundi ndiye aliyempiga mzee."

"Sasa unageuza maneno. Kwanza umemtaja mlinzi, sasa unamtaja fundi. Nishike lipi?"

Kokuhirwa alirudia sentensi ile ile, kila neno na mkia wake ule ule. Bosi alikwisha kumgeukia mchungaji wa usharika na kumpa mkono.

Mzee Egbert alifukuzwa kazi wiki hiyo hiyo. Kokuhirwa alimfuata shambani kwake, akamkuta anapalilia mibuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, uliwaambiaje wale?"

"Niliwaambia wewe ndiye uliyepigwa."

"Wakakusikia?"

"Walinisikia."

Mzee akaegemea jembe lake, midomo bado imevimba. "Basi ungenyamaza tu," alisema. "Ningefukuzwa bila wewe kuchekwa."

Wageni wengine walipofika, usharika ulimtuma Vero, katibu wake, kumwita. Kokuhirwa alimjibu kwa Kinyambo cha kwao, mlangoni, bila kumkaribisha ndani, kwamba lugha ya watu wale haijui.