Mpaka Wetu ni Maji

Sisi wa upande wa Ndalu na wale wa ng'ambo, upande wa Kitale, mpaka wetu ni maji. Hakuna ua wala kigingi. Baba mkwe wangu na baba wa jirani yetu waliponunua haya mashamba walikubaliana mbele ya watu kwamba mto ukipita mahali, hapo ndipo mpaka, na ukihama, mpaka umehama nao. Nafikiri wakati huo mto ulikuwa mpole na hawakuona shida. Au labda waliiona, mimi ndiye sijui. Niliishia darasa la saba, na mambo ya mito nimeyajua kwa kutazama tu. Anayejua zaidi anisahihishe.

Bustani yangu ya mboga iko kule chini, mahali mto unapiga kona. Sukuma, managu, nduma kidogo. Mboga hizo zinaenda Matisi kwa mama mmoja mwenye kibanda, na ndizo zinanifanya nisimwombe mtu pesa ya sabuni. Kwa hivyo mto ulipoanza kuila ile bustani, watu wa nyumbani waliona ni majani yanaenda. Mimi niliona ni mimi naenda.

Ilianzia kwa watu wa juu, kule mto unakotoka. Walichimba wakanyoosha mto, ati upite moja kwa moja uache kuzungukazunguka. Siwalaumu sana. Maharagwe yao yalikuwa yanaoza kila msimu kwa sababu maji yalikuwa yanalala pale bondeni. Ningekuwa kwao pengine ningeshika jembe pia. Lakini zamani mvua ikinyesha mlimani, maji yalifika kwetu yamechoka. Siku hizi yanafika na nguvu zake zote, yanachimba ukingo kutoka chini, juu panabaki kama paa, halafu siku moja paa linaanguka pamoja na mistari yako ya sukuma. Na udongo ule hauendi mbali. Maji yakipunguza mwendo yanauweka upande wa pili. Yaani mto unakula kwangu, unatapika kwa jirani. Jirani akapanda mahindi.

Nilienda ofisi ya kaunti yetu, Bungoma, kulalamika. Nikaambiwa mto uko mpakani, niende Kitale. Kitale wakaniuliza shamba langu liko wapi, nikasema, wakaniambia hiyo ni Bungoma. Nilitaka kulia pale kwenye benchi. Lakini niseme ukweli, msichana mmoja wa hiyo ofisi ya Kitale alitoka nje akanipeleka mwenyewe hadi kwa afisa wa maji, na afisa akaja. Alitembea huku, akavuka akatembea kule. Akatuambia tuache kipande kando ya mto, pande zote mbili, tusilime hapo, tusipeleke ng'ombe, tupande matete na miti ya huku kwetu. Mizizi itashika tope, maji yatapunguza mbio, na mto utajitengenezea kona zake tena wenyewe. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema hawezi kunidanganya, inategemea sisi.

Nikahamisha mboga juu, kwenye udongo mbaya. Nikapanda matete kwenye ukingo wote wangu. Jirani aliendelea na mahindi yake. Nikavuka kwenda kumwona. Ni mzee wa makamo, watu wao walitoka Mkoa wa Kati zamani, na hatujawahi kugombana.

"Baba, na upande wako?"

"Upande wangu una nini?"

"Si afisa alisema tuache?"

"Alisema. Lakini mama, huu mchanga sikuuiba. Mto umeniletea. Ulipowaletea nyinyi, mzee wenu aliuacha?"

Hilo lilikuwa kweli. Nduma tulizokula miaka yangu ya kwanza hapa zilitoka kwenye kipande kilichokuwa cha baba yake.

"Lakini wakati huo mto ulikuwa unaenda polepole," nikasema.

"Ah, mama bana! Ukila kwetu uko polepole, ukila kwenu uko mbio."

Mke wake alikuwa anasugua mitungi pale karibu. Akacheka. "Mwache mama wa watu! Mama, chukua mahindi mawili ukachome. Si ni ya shamba lako?"

Tukacheka wote, hata mimi. Nikaenda nikayachoma. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo lilinikasirisha zaidi.

Mvua iliyofuata ilikuja kubwa. Mto ulipasua ule mchanga wa jirani uliolimwa, ukabeba mahindi, ukahamia upande wake. Kwangu, mahali matete yalikuwa yameshika, ukingo ulisimama. Mahali ng'ombe wetu walikuwa wanapita kunywa, palikatika. Na mbele ya matete mto ukaacha tope jeusi, pana kuliko bustani yangu ya zamani. Baada ya muda matete yakaanza kuota humo yenyewe, bila mtu kupanda. Maji ya hapo yakawa yanapita taratibu. Nilikuwa naenda kuyatazama asubuhi kabla ya kukamua, kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyeomba uji.

Siku moja ya soko nikarudi kutoka Ndalu, nikakuta mzee wangu na ndugu yake wameteremsha ng'ombe na plau kwenye lile tope.

"Baba watoto, ni nini hii?"

"Si unaona? Tunalima."

"Si tulikubaliana?"

"Wewe na afisa ndio mlikubaliana. Mimi nilinyamaza."

Na ni kweli alinyamaza. Mimi ndiye nilihesabu kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

Shemeji akaegemea plau. "Udongo mweusi hivi tuwaachie vyura? Hata vyura wenyewe watatucheka."

Ng'ambo, jirani alikuwa ameshuka hadi kwenye ukingo wake, ambao sasa ndio unaobomoka. "Mama!" akapiga kelele. "Waambie waache! Si afisa alisema? Mkitoa hayo matete, maji yatanimaliza!"

"Ulipopanda mahindi ulituuliza?" mzee wangu akamjibu. "Mpaka ni maji!"

Nilisimama katikati ya hao watu, na kila mmoja alikuwa na haki yake kidogo. Hilo ndilo linanichosha. Angekuwepo mwizi mmoja ningejua nimpigie nani kelele. Nikaingia kwenye tope na viatu vya soko, nikashika kamba ya ng'ombe wa mbele.

"Achilia," mzee wangu akasema kwa sauti ya chini. "Watu wanaona."

Sikuachilia. Sikuwa na maneno mazuri pia. Nilisema tu kwamba palipokwisha limwa basi, wapande, lakini matete yaliyoota hayaguswi, na mtu akitaka kuyagusa aanze kunikanyaga mimi. Shemeji akatema mate kando. Mzee wangu akageuza ng'ombe kuelekea juu. Mpaka leo hatujaizungumzia siku hiyo.

Walipanda maharagwe pale walipolima. Kipande kilichobaki cha matete ni chembamba, na sijui kama kitatosha. Huenda nilipaswa kukataa kabisa. Huenda pia sikupaswa kumwaibisha mume wangu mbele ya ng'ambo. Jirani aliniuliza, akiwa kule kule kwake, kama anaweza kupata vipande vya matete apande upande wake. Nilikuwa na hasira, nikamjibu avuke akate mwenyewe, panga analo.

Hajavuka. Mvua ya Agosti imeanza, na kila asubuhi nikishuka naona ukingo wake umepungua.