Chungu Kilichotakiwa Kufurika

Rodah mke wa Alexander alikuwa na sifa moja ambayo hata waliomchukia, na hawakuwa wengi, hawakuweza kumnyima: maziwa hayakuwahi kumwagika jikoni mwake. Hata tone! Angeweza kuwa nje anapepeta wimbi, anafukuza kuku na kujibu salamu za jirani kwa wakati mmoja, lakini maziwa yakianza kunong'ona motoni, sikio lake linasimama. Ungemwona anatupa ungo, anaruka kizingiti, na sufuria iko chini kabla povu halijagusa ukingo.

Kwao Wakipsigis hilo si jambo la mchezo. Wazee walisema maziwa yakimwagikia moto, anayeungua ni ng'ombe aliyeyatoa. Chuchu zinapasuka, kiwele kinakauka, na nyumba inabaki kunywa chai ya rangi. Rodah alikuwa Mkristo, tena wa kwaya, na ungemuuliza angekwambia hayo ni mambo ya zamani. Sawa. Kichwa chake kilikuwa kimebatizwa, lakini mikono, jamani, mikono ilibaki na dini ya nyanya zake.

Alikuwa mpishi kwa Bwana Murugesan, Mtamil kutoka India ya kusini, injinia wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kapkatet. Wafanyakazi walimwogopa mtu huyo kuliko boila yenyewe. Lakini mkewe, Valliammai, ambaye Rodah alimwita Mama Valli, alikuwa mtu wa kucheka. Kwa miaka minne walikuwa wamefundishana: huyu kusonga ugali, yule kukaanga mbegu za haradali mpaka zirukeruke.

Mwaka wa tisini na sita ulipoingia, Mama Valli hakuwa akicheka. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Mbili zilizotangulia zilikuwa zimetoka katika mwezi huo huo wa nne, na daktari alimwambia alale, asiiname, asiinue hata ndoo. Maskini, alikuwa anahesabu siku kwa vidole kama mtoto.

Na Pongal ilikuwa inakuja. Hiyo ni sikukuu yao ya mavuno, katikati ya Januari. Alfajiri wanapika nje, jua likichomoza, mchele mpya na maziwa ndani ya chungu kipya. Mama Valli alimweleza Rodah mara tatu: kwanza maziwa peke yake, yachemke, yapande, yamwagike. Yakifurika, watu wanapiga kelele za furaha, ndipo mchele na ndengu vinatiwa, halafu sukari nguru, samli, iliki na korosho.

"Lazima yamwagike?" Rodah aliuliza.

"Lazima. Ndiyo baraka yenyewe. Yakimwagika upande wa jua, mwaka unakuwa mzuri." Mama Valli aliweka mkono tumboni. "Rodah, mwaka huu mimi nataka kuona kwa macho yangu."

Rodah angesema pale pale. Angesema, Mama, kwetu huo ni mwiko. Lakini utamwambiaje hivyo mtu anayekutazama kwa macho kama yale? Akaitikia tu. Tena, kwa kujitia kidole jichoni mwenyewe, akaahidi kuleta maziwa ya Jumatatu.

Jumatatu alikuwa ng'ombe wake. Alizaliwa siku ya Jumatatu akiwa mdhaifu, hawezi kusimama, na Alexander akasema huyo ni wa mbwa. Rodah akamlea kwa chupa nyuma ya jiko, akimfunika gunia. Sasa alikuwa amezaa, anakamuliwa mara mbili kwa siku, na watoto wa nyumba ile walikua kwa maziwa yake. Ukimgusa Jumatatu umemgusa Rodah mboni ya jicho.

Basi siku ikafika. Ua ulifagiliwa, maua ya unga wa mchele yakachorwa chini, miwa miwili ikasimamishwa. Chungu kipya, kilichotoka soko la Sondu, kilivishwa majani ya mmea wa manjano shingoni na kuwekwa juu ya matofali matatu. Mama Valli aliketi kwenye kiti mlangoni, amejifunika shali, mumewe amesimama nyuma yake. Rodah akatia maziwa, akachochea moto.

Maziwa yakaanza kunong'ona. Rodah akajiambia: tulia, mwanamke, leo ni leo. Povu likapanda. Likafika shingoni. Likatetemeka ukingoni, na Bwana Murugesan akavuta pumzi ili apige kelele.

Mkono ukaenda wenyewe. Kabla Rodah hajajua anafanya nini, alikuwa ameng'oa chungu motoni kwa pembe za leso yake na kukitua chini, kwenye nyasi zenye umande wa baridi. Ta! Chungu kikapasuka toka mdomoni hadi tumboni, na maziwa yote yakanywewa na nyasi.

Bwana Murugesan, yule wa kufokea watu kwa mngurumo wa mashine, aliiachia pumzi ile polepole. Mama Valli alikitazama chungu kile kilichopasuka tumbo, kisha akafunika lake kwa mikono miwili, na machozi yakaanza kumtiririka bila sauti. Loo! Rodah aliona heri angefokewa, heri angepigwa hata kofi.

"Mama, nisamehe," akasema. "Jua bado liko chini ya miti. Kile chungu chako cha shaba, cha harusi, kitolewe. Nangoja... hapana, ningojeni nyinyi. Nakuja."

Akatoka mbio. Mwanamke wa miaka arobaini, mama wa watoto watano, anakata kati ya mistari ya michai sketi mkononi, na wachumaji wanaoenda kazini wanauliza kama kuna msiba.

Nyumbani alimkuta ndama ananyonya. Akamvuta pembeni, akachuchumaa na kuanza kukamua. Mama mkwe wake, Tecla, ambaye wote walimwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha zizi akingoja jua.

"Si ulikamua saa ile ya giza? Hiyo ya sasa ni ya ndama."

Rodah hakujua kudanganya wazee. Akamweleza yote, na chungu, na mimba, na kwamba safari hii maziwa yatamwagika.

"Motoni?" Kogo akasimama. "Maziwa ya huyu? Wewe Rodah, una wazimu? Ulimtoa huyu ng'ombe kwa kifo na mikono yako, sasa unataka kumkausha na mikono hiyo hiyo?"

"Kogo, huyo mama amezika mimba mbili." Rodah alikuwa analia na kukamua. "Ng'ombe nikimpoteza, nitalia. Lakini yeye akiipoteza hii, hatapona."

Rodah akambusu Jumatatu kwenye paji la uso, akasema, "Nisamehe, mama yangu," akaondoka na maziwa yasiyojaza hata nusu ya kibuyu.

Safari hii, alipokwisha kuchochea moto, alirudi nyuma hatua mbili akaikalia mikono yake. Ndiyo, aliketi chini kwenye nyasi na kuikalia, kama mtoto aliyekanywa. Maziwa yakanong'ona. Mabega yake yakaruka. Povu likapanda, likavimba, na kila mshipa wa mwili ulimwambia nyanyuka, Rodah, nyanyuka! Hakunyanyuka. Alifumba macho. Akasikia moto ukifoka kwa maziwa, harufu ya kuungua ikampanda puani, halafu sauti ya Bwana Murugesan ikapasua bonde zima: "Pongalo Pongal!" Alipofumbua macho, maziwa yalikuwa yanashuka ubavuni mwa shaba upande wa jua, na Mama Valli anacheka na kulia kwa pamoja.

Kisha Mama Valli akamwona. "Rodah, mbona wewe unalia hivyo?"

Hapo ndipo akasema. Ng'ombe, mwiko, Kogo, yote. Mama Valli aliacha kucheka. Alijua Jumatatu ni nani. Alikuwa amesikia habari zake miaka minne. "Na bado ukaacha yamwagike," akasema polepole.

"Niliacha, Mama."

Jioni hiyo Jumatatu alirusha teke, akatoa kikombe kimoja tu. Pengine ni kwa kukamuliwa saa isiyo yake na kunyang'anywa ndama. Kogo alichungulia kikombe, akarudi ndani. Rodah hakulala.

Asubuhi, mbwa wakabweka. Bwana Murugesan huyo, anakuja kwa miguu, sahani ya wali wa sukari nguru mkono mmoja, shada la maua ya njano mkono wa pili. Alexander, aliyefanya kazi chini yake kwenye boila, alidhani anafukuzwa kazi, akatafuta shati. Lakini mkubwa hakumtazama. Alivua viatu mlangoni pa zizi, akaingia kwenye samadi pekupeku, akamvika Jumatatu maua shingoni, akampaka unga wa manjano kwenye paji la uso, akainama na kugusa kwato zake. Kwao, alieleza, siku inayofuata Pongal ni ya kumshukuru ng'ombe, na mkewe alimwambia asirudi kama hajashukuru vizuri.

Kogo aliangalia mpaka mwisho. "Anayeinamia ng'ombe," akasema, "huyo ni mtu wetu. Mpeni mursik, maziwa yetu ya mgando."

Jumatatu alilamba sahani, akalamba na mkono. Rodah akachuchumaa, akashika chuchu, na maziwa yakaja, yakaja mpaka yakapanda povu kwenye kibuyu. Kama ilikuwa baraka au ni utamu wa sukari nguru, mimi sijui. Ng'ombe hakusema.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Juni, msichana, mwenye mapafu ya kuita kijiji. Siku Mama Valli aliporuhusiwa kurudi jikoni, Rodah alileta maziwa, akapokea mtoto, akaketi kumbembeleza. Mama Valli akateleka sufuria, kisha akaenda kuanika nepi nje. Maziwa yakaanza kunong'ona. Rodah alitaka kusimama, lakini mtoto alikuwa ndiyo kwanza anasinzia kifuani pake.

Akasikia beseni likianguka uani. Mama Valli akaingia mbio, nepi mbichi begani, akainyakua sufuria motoni kwa vidole vitupu na kuitua mezani, povu likiwa limefika ukingoni kabisa. Akapuliza vidole vyake vilivyoungua.

"Hayakumwagika?" Rodah akauliza.

"Hata tone," akasema Mama Valli, akihema. "Ningemwambia nini Jumatatu?"