Fundi Aliyekataa Kuitwa

Haya yalinipata mimi mwenyewe, pale Kibiti, sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka. Waliocheka kabla yako ni wengi, na mimi nimeshachoka kubishana.

Miaka ile kampuni mpya zilikuwa zinafungua ofisi barabarani kama uyoga. Mimi nilikuwa katibu muhtasi wa wanunuzi wa kamba wa deltani. Tulikuwa na kompyuta moja, inatumia waya wa simu. Siku hiyo mtambo wa barafu ulikuwa umeharibika huko deltani, kamba wanaoza. Msimamizi wetu, Mzee Shamte, akaniambia niandike barua pepe Dar es Salaam watuletee fundi haraka. Makao makuu walikuwa hawamtoi mtu bila maandishi.

Nikaandika. Haikwenda. Barua za kuingia zinaingia vizuri, za kutoka zinakwama. Nikachomoa waya, nikachomeka. Nikaandika upya neno la siri. Nikazima, nikawasha. Modemu inalia, inanyamaza, kisha kioo kinaniambia imeshindikana. Joto kali, feni mbovu, mgongo unauma. Hata kumpigia mtaalamu wa kompyuta kule Dar ilibidi kwanza nikate mtandao, maana laini ilikuwa hiyo hiyo. Nikampata, akasema atanipigia.

Jua linakaribia kuzama, nikamwona mwanamume amekaa kwenye benchi la mlangoni. Sikusikia hodi. Amejikunyata, anatetemeka, na joto lote lile!

"Karibu kaka. Una shida gani?"

"Dada yangu, hiyo ya kumwita fundi usiitume."

Nilidhani kamsikia Mzee Shamte akifoka. Nikamwambia, "Kaka, kamba wanaoza, na mimi nataka kwenda nyumbani."

"Waache waoze," akasema taratibu, kama mtu aliyechoka kuliko mimi.

Simu ikalia. Alikuwa yule mtaalamu, akanisomea jina la seva ya kutuma barua. Kumbe letu lilikosewa herufi. Nikarekebisha, nikajaribu tena. Ikaenda. Kugeuka, benchi tupu. Ningemfuata kwa nguvu zipi? Nikafunga ofisi.

Makao makuu hawakukawia. Fundi akaletwa na basi, jina lake Faraji. Wallahi, alikuwa ni yeye! Uso ule, sauti ile, na pengo lile la jino la mbele.

"Kaka, si tulionana hapa?"

"Hapana, dada. Kibiti naipita tu nikienda Lindi. Sijawahi kushuka."

Nikamweleza yote, Mzee Shamte akisikia. Nikamsihi asiende. Wakacheka wote wawili.

"Umechoka, dada," Faraji akasema. "Omba likizo."

Akaenda. Boti ikapinduka kwenye mlango wa mto. Wenzake waliogelea wakapona. Yeye alipatikana kwenye mikoko.

Mkewe alipokuja kuchukua begi lake, nilimuuliza jambo moja tu: jioni ile kabla ya kuitwa, mumewe alikuwa wapi?

"Nyumbani, amelala. Alishikwa na homa, anatetemeka. Alipoamka akasema mwili umechoka kama katoka safari. Kwani vipi, dada?"

Nilimshika mkono tu, tukalia.

Kazi niliacha. Siku hizi nalima mihogo Mtawanya. Simu ninayo, wanangu wamenipa, lakini ujumbe wa kumwita mtu siandiki. Nikimhitaji mtu, napanda bodaboda namfuata mwenyewe. Wanasema uzee. Sawa.

Nawe, siku mtu usiyemjua akikuomba usimwite fulani, acha unachofanya. Mkaribishe ndani, mpe chai ya moto, umuulize jina lake. Mimi sikumuuliza.