Bi Vidole na Ubavu wa Bati

"Shangazi, kwa nini unaandika umefumba macho?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, binti wa kaka yake, ambaye ukoo mzima ulimwita Kwanini kwa sababu neno hilo halikumwisha mdomoni. Aliyeulizwa alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mgongo umenyooka, kope zimefungwa kabisa, na vidole vinagonga kibodi kama mvua juu ya bati. Hakuacha kuandika.

"Ili nisiione pua yako ilivyojaa kamasi," alisema.

Mume wake, aliyekuwa kando yake na karatasi mkononi, alicheka mpaka miwani ikamteleza. Mtoto akajipangusa pua kwa mkono wa gauni, akaondoka na jibu ambalo hata yeye alijua si jibu.

Watu walimwita Bi Vidole. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye mlango unaofungukia barabarani: meza moja, viti viwili, benchi la wateja, na kalenda ya mwaka uliopita iliyobaki ukutani kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Watu walileta miandiko yao ya mkono, barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga nyumba, tasnifu za wanachuo, wakaondoka na kurasa safi. Yeye mwenyewe hakuisoma miandiko hiyo. Kusoma ilikuwa kazi ya mume wake.

Mume huyo aliwahi kuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kiwanda kilipofungwa, alihamisha kiti chake kikaja kando ya kiti cha mke wake, na wateja wakambatiza jina la Mzee Nukta, maana hakuna kilichomuudhi duniani kama sentensi isiyo na mwisho. Alisoma kwa sauti, mkewe akaandika. Lakini hakupenda kutamka "mkato" na "nukta" katikati ya maneno ya watu. Alisema ni sawa na kukohoa msikitini au kanisani. Kwa hiyo aligonga. Kati ya viti vyao lilisimama kasha la kompyuta, la bati, refu, lenye feni iliyovuma kama nyuki, na Mzee Nukta aliligonga ubavuni kwa pete yake. Pigo moja, mkato. Mapigo mawili, nukta. Akilikwaruza, aya mpya. Kwa miaka na miaka pete iligonga mahali palepale, mpaka rangi ikatoka na bati likang'aa kama sarafu.

Hata waliponuniana kazi haikulala. Hawakusemezana, lakini alisoma, akagonga, na nukta za siku hizo zilitoka kwa nguvu mpaka feni ikabadilisha sauti.

"Unagombana na sentensi au na mimi?" Bi Vidole aliuliza siku moja, macho bado amefumba.

"Na sentensi. Wewe uko kwenye foleni."

Wakacheka wote wawili, ugomvi ukaishia hapo.

Macho ya Bi Vidole ndiyo yaliyoanza kuaga. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi, kilichobaki ndicho cha kulindwa. Dunia yake ikasinyaa pembeni, akawa kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, kisha hata tundu lenyewe likaanza kujaa moshi. Mzee Nukta alimtilia dawa kila asubuhi, tone moja kila jicho, akimwambia, "Usipepese, bibi, dawa ni ghali kuliko mimi."

Kisha akaamka siku moja anashika kifua, na kabla ya adhuhuri hakuwepo tena.

Bi Vidole hakulia. Alipokea wageni, akauliza nani hajala, akaulizia kama viti vya jirani vimerudishwa. Wanawake walinong'onezana jikoni kwamba huyu mtu ana moyo wa jiwe. Kaka yake, baba yake Kwanini, alimtazama kwa jicho la pembeni, akangoja machozi. Matanga yakaisha, machozi hayakuja.

"Dada," kaka alisema baadaye, "funga hiki chumba uje ukae kwetu. Utapikiwa, utapumzika."

"Nipumzike nifanye nini? Nihesabu pumzi zangu?"

"Huoni, dada. Na aliyekusomea hayupo."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana: achukue kazi moja. Akiimaliza kwa mikono yake na mteja akaridhika, kaka hatalitaja tena jambo hilo. Akishindwa, mlango wa barabarani utafungwa naye atahamia chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka. Bi Vidole alikijua chumba hicho. Kilikuwa na kitanda, kabati na dirisha linalotazama ukuta.

Kazi yenyewe ililetwa na mkunga mstaafu aliyeandika kumbukumbu za maisha yake. "Nitakuja kukusomea mwenyewe," alisema. "Mwandiko wangu hata mimi huwa naukisia."

Ikabaki kompyuta. Ile ya zamani iliwaka kwa kubembelezwa, na tena ilikuwa bubu. Bi Vidole alihitaji ya aina nyingine, itakayomsomea kwa sauti kile alichokiandika. Wakaenda dukani watatu: yeye, kaka yake, na Kwanini akiwa na sare za shule.

Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, aliwapeleka moja kwa moja kwenye kompyuta pana, nyembamba kama sinia. "Mama, hii ndiyo habari ya mjini. Hakuna kasha, kila kitu kimo humohumo kwenye kioo. Rangi zake, ukitazama picha ya embe utataka kulimenya."

"Kioo kikipasuka?"

"Kioo kipo, tunabadilisha. Ila mara nyingi na yale ya ndani yanakuwa yamekwenda nacho."

"Basi hiyo ni ndoa ya kikatili," Bi Vidole akasema. "Mmoja akifa, mwenzake anazikwa mzima."

Kaka akakohoa. Muuzaji akatabasamu bila kujua kwa nini hakuna aliyecheka.

"Zima vioo vyote," Bi Vidole akaendelea. "Sasa nifundishe kuwasha, kufungua ukurasa, kuandika na kuhifadhi. Nitakayoimudu gizani ndiyo yangu."

Muuzaji hakuwahi kuuza kompyuta iliyozimwa kioo. Alikuna kichwa, akaanza. Moja ilikuwa haisomi mpaka ununue programu kando. Nyingine ilisoma, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha mgeni aliyeshuka jana, kinajikwaa kila penye "ng'ombe". Ya tatu ilikuwa kikasha kidogo cha plastiki, ukubwa wa nusu mkate, chenye mfumo tofauti kabisa na ule aliouzoea, na sauti ilikuja nacho bila malipo ya ziada. Sauti hiyo ilitamka vizuri. Bi Vidole aliisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama, kama anayechagua mkwe.

Hakukurupuka. Aliuliza dhamana ni ya muda gani na nani atakayeiheshimu, duka au kiwanda. Aliuliza kama mafundi wa mtaani wanaweza kukifungua, na kama kibodi yake ya zamani itakubali kuchomekwa, kwa sababu vidole vyake vilikwisha kufanya urafiki nayo. Kioo kipya alikikataa. "Ninacho nyumbani, na chenyewe ni cha wageni." Kasha la zamani akaliacha hapo dukani ili bei ipungue.

"Hapa dada hajapigwa," kaka alimnong'oneza binti yake. "Ningekuja peke yangu ningerudi na sinia."

Ikawa kila alasiri mkunga anakuja, anavua viatu, anasoma. Bi Vidole akaandika, na vidole vyake havikusahau kitu. Mkunga alipokwama kwa kicheko au kwa machozi, Bi Vidole alingoja, mikono juu ya kibodi. Kazi ilikwenda vizuri mpaka mkunga mwenyewe akasema angetamani vitabu viwe viwili.

Kioo hakikuwashwa hata mara moja, na siku ya kumaliza ndipo wakaiambia kompyuta isome.

Ikaanza na mtoto wa kwanza aliyepokewa na mkunga, na hapohapo ikaunganisha mvua na taa iliyoishiwa mafuta na mama anayesukuma na baba aliyezimia mlangoni na ndoo iliyopinduka, vyote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Haikutua.

"Mwenzangu," mkunga akasema taratibu, "mzazi akipumua hivi nampoteza."

"Mashine mbovu," Bi Vidole akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Haijui kupumua. Wameniuzia kitu kibovu."

Kesho yake wakarudi dukani. Bi Vidole alikipakata kikasha njia nzima, na kaka alitembea kando yake kama mtu aliyekwisha kukisafisha chumba cha nyuma. Muuzaji akakiunganisha na kioo cha dukani, akafungua kazi ile, akateremka nayo ukurasa baada ya ukurasa. Akapunguza mwendo. Akarudi mwanzo.

"Mama, mashine ni nzima."

"Mbona haipumui?"

"Inapumua penye kituo." Muuzaji alishusha sauti, maneno matamu yote yamemwisha. "Humu hamna. Hamna mkato, hamna nukta. Hata moja."

"Haiwezekani," kaka akasema. "Huyu ameandika maisha yake yote."

Bi Vidole aliweka mikono juu ya meza ya duka. Vidole vilicheza kidogo, kisha vikatulia, vikawa kama vinasikiliza. Ndipo alipoelewa. Alasiri zote zile, kila mkunga alipofika mwisho wa sentensi, yeye alingoja. Hakujua kwamba anangoja. Na kwa kuwa hakuna kilichogonga, vidole viliendelea na safari. Mtu ambaye angeweza kumfundisha mtoto mahali pa nukta, mwenyewe hakuwahi kuiweka kwa kichwa chake. Iliwekwa na pete.

Akarudi nyuma atafute pa kujishikiza. Mkono ukagusa rafu, ukagusa bati baridi, ukasimama. Akalipapasa kutoka juu kwenda chini, polepole, mpaka kidole kikafika pahali laini pasipo na rangi.

"Hili ni lile letu?"

"Ndiyo, mama. Bado hatujalifungua."

Akagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole. Mapigo mawili.

Hapo ndipo machozi yalipokuja. Alilia kama mtu aliyepewa habari sasa hivi, amesimama katikati ya vioo vilivyowaka picha za maua. Kaka yake, aliyeyangoja machozi hayo tangu mazikoni, hakujua ayafanyie nini. Alimshika tu bega. Wateja wengine wakajifanya wanasoma bei.

"Naomba ubavu huu," Bi Vidole akasema alipoweza kusema. "Mengine chukueni."

Muuzaji alilishusha kasha mezani. Akatafuta bisibisi, akafungua parafujo, akalipangusa bati vumbi kwa shati lake mwenyewe.

Mlangoni kaka akaanza, "Dada, yale tuliyokubaliana..."

"Kazi haijaisha. Nimeandika maneno. Bado vituo."

Wakaanza upya, yeye na mkunga. Ubavu wa bati uliegemezwa kwenye mguu wa meza, upande uleule. Pete ya marehemu ilikuwa kubwa, ikakaa kwenye dole gumba. Mkunga alisoma sentensi, akanyamaza. Bi Vidole akanyoosha mkono, akagonga mara mbili, kisha ndipo kidole kilipokwenda kwenye nukta. Hakuweza kuigusa nukta kabla ya kuisikia. Kazi iliyopaswa kwenda kama maji ikaenda kama asali, na kuna siku aligonga, akakaa, akasahau kuandika, na mkunga akageuka kutazama barabarani mpaka amalize.

Walimaliza. Mkunga aliridhika, kaka akatimiza ahadi, mlango wa barabarani ukabaki wazi. Watu walimpongeza Bi Vidole kwa kununua kitu cha maana, na kweli kilikuwa cha maana: hakikuvuma, hakikuzimika, kilisoma vizuri na kilitua kila pa kutua. Ila kilipotua palikuwa kimya. Kazi nyingi alizikataa.

Miaka ikapita. Moshi ukaziba tundu lote, ikabaki tofauti ya mchana na usiku tu. Kwanini akafika sekondari, akawa anakuja kumwekea dawa asubuhi za Jumamosi, ingawa daktari alisema sasa ni ya kupunguza maumivu basi. Jumamosi moja alikaa kwenye kile kiti cha pili, akimtazama akiandika barua ya jirani. Shangazi akagonga, akaandika nukta. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, yameelekea ukutani.

"Umenyamaza," Bi Vidole akasema. "Wewe ukinyamaza kuna swali."

"Hamna, shangazi."

"Lipo. Unajiuliza mbona sasa nayafumbua." Akaigeuza pete kwenye dole gumba. "Uliwahi kuniuliza kwa nini nafumba. Nikakujibu habari ya kamasi."

"Nakumbuka."

Aliunyoosha mkono mpaka kwenye bati, lakini hakugonga. Aliuacha pale, kiganja kimefunika pale palipong'aa.

"Nilikuwa nafumba," akasema, "kwa sababu nilijua wakati wowote nikifumbua nitamkuta palepale."