Likizo ya Masika

Mwezi wa tatu ukiingia, Stephano alikuwa hashikiki. Mashine yake ya kusokota nyuzi inaunguruma, yeye macho dirishani, anatazama milima ya Uluguru. Wingu likikaa kileleni siku tatu bila kuondoka, anakwenda ofisini, anabisha hodi, anasema neno moja.

"Likizo."

Karani alishamzoea. Alijaza fomu, akamsogezea wino, Stephano akabonyeza dole gumba. Shule alikuwa hakuiona hata kupitia dirishani. Siku ishirini na nane, mshahara unatembea, na nauli juu.

"Wewe nauli ya nini, na mlima unaupanda kwa miguu?" wenzake walimtania.

"Miguu nayo inakula."

Mambo yalikwenda hivyo miaka kumi na tisa, kiwanda kile cha nguo kilipokuwa cha serikali.

Mkewe, Modesta, hakukaa mjini. Shamba lilikuwa la ukoo wake, lukolo lao, na kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Mume ni mgeni anayelima. Mgeni mwenye adabu anakaa mpaka mvi zimwote. Stephano alikuwa na adabu. Kila likizo, kabla hajatua mzigo, alipita kwanza kwa Petro, kaka yake Modesta, aliyekuwa na sauti juu ya ardhi ile.

"Shemeji, nimefika."

"Umekuja kulala au kulima?"

"Kulala nalala kiwandani, nimesimama."

"Haya, pita. Mwenyewe anakungoja na jembe, si na chakula."

Modesta alimngoja chemchemini. Alimkalisha kwenye jiwe, akamtoa pamba kichwani, maana vumbi la kiwandani lilikuwa haliishi kwenye nywele zake. "Umezeeka tangu mwaka jana," alisema kila mara, na kila mara alicheka. Mtoto Mungu hakuwajalia. Walikuwa wawili, na chemchemi.

Juu ya chemchemi ile kulikuwa na korongo, na korongo lilikuwa linakula mlima. Kwa hiyo kila likizo walipanda safu moja ya miti. Mikuyu mahali penye unyevu, mikangazi palipo pakavu. Stephano alichimba mashimo, akamshikisha Modesta mche, Modesta akautia ardhini kwa mikono yake. Hawakubadilishana hata siku moja. Mwenye kupanda mti wa kudumu amesema ardhi ni yake, na Stephano hakuwa na ardhi pale. Alikuwa na mashimo tu. Yakamtosha. Ikafika safu ya kumi na tisa, na maji yakawa hayakauki hata mwezi wa kumi.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa, kitenge cha kiwandani kikakosa mnunuzi. Mashine zikasimama moja moja. Siku moja wakaitwa uwanjani, wakaambiwa kiwanda kimepata mwekezaji, na mwekezaji hataki kazi isimame. Likizo hakuna tena. Atakayekubali, atapewa fedha badala yake. Asiyekubali, mlango ule pale.

Watu walipiga makofi. Ukweli usemwe, hata Stephano alipiga. Akabonyeza dole gumba kama kawaida. Zile fedha akanunulia bati, akazibeba kichwani mpaka juu, Jumapili.

Modesta alizigonga kwa kidole. "Bati nzuri," alisema. "Zitachimba mashimo?"

Stephano alikuwa na saa mbili tu, kisha ateremke awahi shifti ya usiku.

Kuanzia hapo alikuwa mtu wa Jumapili. Saa nne za kupanda, saa tatu za kushuka. Mwezi wa kumi na moja alipofika, akakuta shamba halijasafishwa, Modesta mguu umemvimba, na mvua za vuli zinanukia. Katika likizo angelifyeka taratibu kwa siku sita. Kama ni kuchoma, angelima kwanza njia ya moto pande zote, upana wa hatua nne, ndipo awashe. Kuilima njia ile ni siku mbili. Yeye alikuwa na saa mbili.

Akatazama jua. Akawasha.

Moto mwanzo ulikwenda kwa heshima. Kisha upepo wa mchana ukapanda kutoka bondeni, na moto ukapanda nao. Ulizikuta safu tatu za juu, zile changa, ukazipitia kama mtu anayehesabu. Waliupiga kwa matawi mabichi, yeye na Modesta, mpaka ukafia kwenye mikuyu mikubwa.

Stephano alisimama, nyusi zimeungua. Modesta alikaa chini.

"Nenda," alisema. "Utachelewa kazini."

Na yeye akaenda.

Kijijini walisema moto ule ni wa warina asali. Modesta hakusema kitu. Stephano naye hakusema kitu. Jambo likalala hapo, lakini halikupata usingizi.

Masika ilipokuja, Stephano aliomba siku. Hata kumi. Karani yule wa zamani alikuwa ameshapunguzwa. Mpya alimtazama juu hadi chini. "Mzee, si ulishapokea? Mtu hauzi mbuzi akarudi kumkamua."

Modesta akazirudishia peke yake zile safu tatu zilizoungua. Akachimba, akatia, mvua inamnyeshea, mguu wake ule ule. Safu ya kwanza akaimaliza. Ya pili akaimaliza. Kichomi kikamshika akiwa amefunga miche ya safu ya tatu kwenye maganda ya mgomba, imepangwa uvunguni mwa mwamba.

Stephano alifika siku ya mwisho. Alikuwa bado ana pamba kichwani. Modesta aliinua mkono, haukufika.

"Bado moja," alisema.

"Nitaimaliza."

"Ukipata likizo."

Walimzika kigangoni. Kiwanda kilitoa siku tatu. Stephano akakaa matanga yote, na alipoteremka akakuta jina lake limekatwa. Akageuka getini pale pale, akapanda tena.

Petro alimpokea. Desturi ilikuwa wazi: mke hayupo, mtoto hayupo, mume anarudi kwao. Lakini Petro naye alikuwa amefiwa na dada.

"Kaa mpaka masika ijayo," alisema. "Safu ya dada yangu uipande mwenyewe, kwa mikono yako. Nimeruhusu mimi. Halafu tutaagana vizuri."

Jambo lile halikuwa dogo. Kumruhusu mkwe apande mti kwa mkono wake. Stephano alikaa mwaka mzima akimwagilia ile miche kwa kata, akiihesabu. Ilikuwa ishirini na miwili.

Mwezi wa pili, watu wa mazingira walikuja. Dada mmoja, Faraja, mwenye viatu vya matope na daftari, kutoka chama cha kutetea misitu ya milima. Baada ya ibada ya Jumapili aliwakalisha watu kigangoni.

"Nimetembelea chemchemi nyingi," alisema. "Hii yenu ina maji. Nataka kujua miti yake alipanda nani."

"Marehemu Modesta," walimjibu. "Na mumewe, alikuwa akija likizo."

Faraja akaacha kuandika. "Likizo ya kazini? Yenye malipo?"

"Ndiyo."

"Basi nisikilizeni. Mjini naambiwa likizo ni habari ya vyama vya wafanyakazi, mimi nishughulike na miti yangu. Lakini kila ninapopita, mlima umeanza kuharibika tangu watu waliponyimwa likizo. Mtu aliyepewa mwezi na mshahara wake anatengeneza matuta, anapanda, anangoja mche ushike. Mtu wa Jumapili atafanya nini? Jumapili moja haitoshi kupanda msitu. Kuuchoma, inatosha."

Kijana mmoja aliyekaa nyuma akacheka. "Dada, likizo na miti wapi na wapi? Sisi huku hata kazi yenyewe hatuna."

"Na mwenye kiwanda," Faraja aliendelea, "maji ya kutia rangi nguo zake yanatoka wapi? Si humu? Anakata tawi alilokalia."

"Huku moto ulitoka kwa warina asali," Petro alisema. "Wale hawana likizo wala kazi. Usitubebeshe ya mjini."

Watu wakaitikia. Faraja akatazama daftari lake. Kalamu ikashuka kuandika: warina asali.

Stephano aliiona ile kalamu. Kusoma hajui, lakini uongo ukiandikwa alijua unakaa. Akafikiria ile miche ishirini na miwili. Akafikiria mikono yake mwenyewe ndani ya udongo ule, kwa ruhusa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu mvua inyeshe. Angeweza kunyamaza wiki tatu. Alikuwa amenyamaza mwaka na zaidi.

Akasimama.

"Si warina asali," alisema. "Nilichoma mimi."

Kalamu ya Faraja ikasimama.

"Nilikuwa na saa mbili. Sikulima njia ya moto." Akamgeukia Petro. "Likizo niliiuza. Modesta alikwenda kupanda mahali nilipochoma."

Akakaa.

Faraja alisogea karibu, akachuchumaa. "Baba, shikamoo. Pole. Niliandike hili? Nataka nikalisome mjini, mbele ya wenye viwanda. Jina lako naweza kuliacha."

"Marahaba. Andika. Na jina."

Petro alikuwa ameinama, anakwaruza sakafu kwa fimbo. Alitoka bila kuaga.

Hakuja siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu alikuja, akasimama nje ya mlango, hakuingia.

"Dada alijua?"

"Alikuwepo."

"Akakuficha."

"Akanificha."

Petro alitazama mlima. "Ningekufukuza leo. Ila yeye hakukufukuza, nami si mkubwa kuliko yeye kwenye shamba lake." Akakohoa. "Lakini kupanda, hapana. Mkono uliochoma hautatia mti wetu ardhini. Utachimba. Rosa atapanda. Ukimaliza, unakwenda kwenu."

"Nimesikia, shemeji."

Rosa alikuwa mtoto wa mdogo wake Modesta, na shamba sasa lilikuwa lake. Wingu lilikaa kileleni siku tatu. Siku ya nne wakapanda wote wawili kwenye korongo, mvua laini inawalowesha.

Stephano alichimba. Shimo, hatua tatu, shimo. Alipomaliza moja, alifungua ganda la mgomba, akamshikisha Rosa mche, Rosa akautia, akabana udongo kwa viganja. Kwenye ule wa kumi, Stephano aliushika mche kidogo zaidi ya lazima. Rosa alingoja. Akauachia.

Miche ishirini na miwili ilipotimia, jua lilikuwa bado juu. Siku ile hakuwa na shifti ya kuwahi. Angeweza kukaa mwezi mzima, hakuna wa kumkata mshahara. Aliteremka chemchemini, akaosha jembe, akaliegemeza kwenye mkuyu. Halikuwa lake. Akakaa kwenye lile jiwe, apumzike kabla ya kufunga mzigo.

Rosa alikuja kunawa. Alipokuwa mdogo alikuwa akijificha hapo hapo, akimwona mama mkubwa anavyomchambua mumewe pamba kwenye nywele. Sasa aliona weupe ule ule kichwani mwa mzee. Akakausha vidole kwenye khanga, akanyoosha mkono autoe.

"Acha, mwanangu," Stephano alisema. "Hiyo si pamba."